Perez wa Ghorofa ya Tano

Benchi yetu ni ubao wa mjengo uliolazwa juu ya mawe mawili, kando ya geti la ploti ya ghorofa saba hapa Tassia, mahali ambapo jua hufika dakika ishirini tu kwa siku kwa sababu kila landlodi alijenga kana kwamba anga nayo iko kwa title deed yake. Hapo ndipo Hashi huweka birika lake la kahawa ya tangawizi kila Jumamosi saa nane mchana, na hapo ndipo sisi tusio na haraka huketi kunyoosha dunia. Yuko Mzee Okumu, tunayemwita Gadi kwa sababu alikuwa gadi wa treni za mizigo miaka thelathini na moja. Yuko Kiarie, fundi wa mabomba, tunayemwita Methali kwa sababu hajawahi kutumia hata moja vizuri. Yuko Madam Nasambu, aliyekuwa karani wa kanju, baraza la jiji, anayeitwa Ruling maana akishaongea kesi imeisha, ama yeye hudhani imeisha. Na niko mimi, Digrii. Walinipa jina hilo kwa dharau, nami nikalikubali, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi pekee ambayo ile karatasi ya anthropology imewahi kunitafutia.

Jumamosi hiyo Dedan alishuka ngazi macho mekundu kama taa za breki. Dedan anatengeneza akala, viatu vya tairi, kule Kariokor, na anaishi ghorofa ya tano na mke wake Kate na wasichana watatu, wa mwisho akiwa na wiki tatu. Alienda akasimama mbele ya Mzee Okumu kama mtu aliyeitwa ofisini.

— Mzee, niko na ombi.

— Keti kwanza, Okumu akasema. Mtu haombi akiwa amesimama. Hiyo ni kudai.

Dedan akaketi ukingoni mwa ubao.

— Mtoto bado hana jina. Kesho anawekwa wakfu kanisani, na karani wa kanisa anataka jina leo kabla ya saa kumi na moja. Sasa mimi na Kate tulikuwa tunataka kumuita Perez.

Kikombe cha mzee kilisimama katikati ya safari. Perez alikuwa mke wake. Tulimzika kwao Ugenya, Ujaluoni, mwaka juzi mwezi wa nne, na hii benchi yote ilisafiri.

— Perez gani? mzee akauliza, na alijua ni gani.

— Mama. Mama Sylvance.

— Kwani kwenu majina yameisha?

— Bado yako, mzee.

— Msichana wa tatu kwenu huitwa nani?

— Huyu ni wa dada yangu mkubwa. Wakiuru.

— Na Wakiuru anajua mnataka kumruka?

— Hajui. Ashashonesha nguo mbili zinafanana, yake na ya mtoto.

— Basi, Okumu akasema, mtoto ako na jina na ako na nguo. Hashi, mpe huyu kahawa.

Mtu mwingine angeona kesi imefungwa hapo. Madam Nasambu alikuwa ameanza tu kuvaa miwani.

— Dedan, Mkikuyu haamki tu asubuhi akaamua kuita mtoto jina la marehemu wa Ugenya. Kuna kitu. Sema.

Dedan akasema. Huyo mtoto amelia wiki tatu mfululizo. Wamempeleka kliniki mara mbili, wakaambiwa ako sawa, ni mapafu tu yako na nguvu. Halafu Jumatatu Kate akamuota Perez. Jumanne akamuota tena. Na Kate, alisema Dedan, si mtu wa kuambiwa hiyo ni nini, kwa sababu alilelewa ndani yake. Alikulia Mukuru kwa Reuben, mlango kwa mlango na Perez. Mama yake alikuwa akitoka alfajiri kwenda kupanga foleni ya kibarua Industrial Area, anamwacha kwa Perez na kipande cha kitenge. Kate alipofika miaka minane mama akafariki, na Kate akabaki hapo hapo, kwa Perez, mpaka siku ya kuolewa. Ameona Perez akiwafanyia majirani zaidi ya mara moja: mtoto analia bila ugonjwa, Wajaluo wanaketi naye, wanamuitia majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, mpaka wafike kwa lile litakalomnyamazisha. Huyo aliyemnyamazisha ndiye anayetaka kukaa kwa huyo mtoto.

— Jumatano asubuhi Kate akaketi naye, Dedan akaendelea. Akamuitia marehemu wa kwetu. Cucu zangu, yaani nyanya zangu wote wawili, na shangazi zangu. Mtoto ni kelele tu. Akaita Perez.

— Na?

— Akanyamaza. Akalala masaa sita. Mimi nilienda kuweka kidole kwa pua nione kama anapumua.

— Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, Kiarie akasema, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi.

— Hiyo ni ya kuadhibu watoto, nikamwambia. Haina maana hapa.

— Iko na mwana na iko na kulia. Unataka nini ingine?

Mzee Okumu hakucheka. Alikuwa akiangalia ndani ya kikombe.

— Ndoto ilikuja kwa Kate, akasema. Si kwa Sylvance.

Sylvance ni kijana wake, anaishi ploti hii hii, ghorofa ya nne, na ndiko mzee anakoishi tangu astaafu. Mke wa Sylvance alijifungua msichana miezi minne iliyopita.

— Niliwaambia wangoje, Okumu akasema. Niliwaambia nyanya yake atakuja kwa usingizi wa mtu, tumpe nafasi. Tukangoja wiki mbili. Hakuna aliyeota kitu. Mke wa Sylvance akachoka, wakamuita Clare. Nikauliza Clare ni nani kwetu. Ati ni jina tu, linasikika poa. Sasa wewe unakuja kuniambia mama yao alikuwa hapo juu, ngazi kumi na sita tu, anatembelea watu wengine?

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponyoka. Nilikuwa nimeongea mara moja tu tangu Dedan aketi, na mtu aliyesoma miaka minne bila kazi ni kama sufuria ya maziwa, ukigeuka tu imemwagika.

— Mzee, hiyo kitu iko na jina. Inaitwa cultural appropriation.

— Inaitwa aje?

— Ni kuchukua mila ya watu wengine ukaifanya yako bila idhini yao. Unabeba utamu, uchungu unawaachia wenyewe.

Mzee akanigeukia mwili mzima. Miaka yote ya benchi hajawahi kunigeukia hivyo.

— Rudia.

Nikarudia.

— Dedan, umeskia? Si mimi. Ni kitabu.

Uso wa Dedan ulianguka, nikaona nimefanya kitu. Madam Nasambu naye akaniangalia juu ya miwani, vile alivyokuwa akiwaangalia wenye vibanda visivyo na leseni.

— Digrii, hiyo maneno ulisoma ama uliandika?

— Niliandika. Kurasa kumi na mbili.

— Tuone.

— Siko nazo. Zilienda na mwenyewe.

— Mwenyewe si ni wewe?

— Mwenyewe ni mwanafunzi wa ng'ambo. Mimi huwaandikia insha, wanapeleka kwa mwalimu na majina yao.

— Kwa hivyo kuna mtu mahali alichukua maneno yako kuhusu kuchukua vitu vya watu.

— Na akapata A.

— Ukaskia aje?

— Niliskia hivi ninavyoskia sasa, Madam. Mbaya.

Kiarie alicheka mpaka akashika ubao. Halafu akajifuta macho na ile fulana yake ya mtumba, ambayo kifuani imeandikwa kwa Kizungu kwamba hiyo ni sherehe ya ukoo wa Henderson kukutana, mwaka wa 2011.

— Wacha niulize, akasema. Kama kuchukua ni wizi, hii fulana je? Mimi si Henderson. Sikualikwa. Lakini nimevaa huu ukoo miaka mitatu, nimezibua nao vyoo vya mtaa wote wa Pipeline. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Henderson alitoa, Okumu akajibu haraka. Aliikunja mwenyewe akaitupa kwa gunia. Mimi sijatoa gunia hapa.

— Na chapo? Chapo ni ya Wahindi. Turudishe? Krismasi tutakula nini, tutaimba tukiangalia ukuta?

— Chapati tulifunzwa, Nasambu akasema. Na tukaongeza zetu. Hakuna Mhindi alipika chapo na malenge kabla ya mama wa Kenya. Hiyo ndiyo tofauti, nyinyi wanaume. Kwetu Bungoma jirani akikuletea chakula kwa sahani, hiyo sahani hairudi tupu. Unaweka hata ndizi mbili. Ukirudisha tupu, umekula tu. Ukikaa nayo, wewe ni mwizi.

— Na ukiivunja? Kiarie akauliza.

— Unanunua nyingine na unanyamaza.

— Kahawa pia, akasema Hashi kutoka kwa jiko lake, yeye ambaye huongea mara moja tu kwa wiki. Hii kahawa si ya kwenu na si ya kwetu. Kila mtu anasema ni ya babu yake.

— Ya kwetu, Kiarie akasema. Murang'a imejaa kahawa.

— Mmelima, Hashi akasema. Lakini nimefika huko. Mgeni anapewa chai.

Kiarie akaruka kwa Biblia, kama desturi yake.

— Hata hilo jina lenyewe. Mzee, Perez ni Mjaluo?

— Mke wangu alikuwa Mjaluo.

— Siulizi mke, nauliza jina. Madam, si wewe ni mtu wa kanisa, Perez ni nani?

Nasambu akakohoa, maana hakutaka kuwa upande huo.

— Kwa Mwanzo. Ni mtoto wa Tamari. Walikuwa mapacha tumboni, mwenzake akatoa mkono wa kwanza, mkunga akaufunga uzi mwekundu. Halafu Perez akapita katikati akatoka mbele.

— Akatoka yeye nani? Mwanamke?

— Mwanaume.

— Mwanaume, Kiarie akarudia, akizungusha macho benchi nzima. Myahudi, mwanaume, na aliruka laini. Nyinyi mkachukua jina lake mkawapa mama zenu, na hakuna Mjaluo alienda Yerusalemu kuomba ruhusa. Sasa Mkikuyu mmoja amekuja kwa miguu, ameketi vile ulimwambia aketi, anaomba, na unamuonyesha kitabu.

Nitakubali kwamba hapo nilianza kusahau aibu yangu. Mimi nilisoma hii kitu darasani kama maiti kwenye meza. Sijawahi kuiona ikitembea. Nikaanza kutaka kujua kweli.

— Mzee, nikamuuliza, jina likishapewa mtoto, huwa anakuwa nani kwako? Ni ukumbusho ama ni mtu mwenyewe?

— Ni mtu mwenyewe. Mjukuu akiitwa kwa jina la mke wangu, mimi namuita mke wangu. Namletea zawadi. Akinikasirikia nampelekea soda. Si mchezo.

— Kwetu pia ni hivyo, Dedan akasema polepole. Msichana wangu wa kwanza ako na jina la mama. Mimi simuiti mtoto, namuita Maitu, mama yangu. Tangu afike miaka minne namuomba ruhusa nikitoka kwenda Kariokor.

— Anakupa?

— Siku zingine anakataa.

Kwa mara ya kwanza mdomo wa mzee ulisogea kidogo, kisha ukajirudi.

— Sasa huyu wako akiitwa Perez, mimi nitamuita nani?

— Si utamuita mke wako.

— Mke wangu akae kwa nyumba ya Mkikuyu ghorofa ya tano, na mimi nikae ya nne?

— Ni ngazi kumi na sita, mzee. Wewe ndiye umesema.

— Haendi kwa watu wengine, Okumu akasema, na sasa sauti yake ilikuwa na kitu cha kukwaruza. Marehemu huenda kwa watu wake.

— Watu wake ni nani? Nasambu akauliza.

— Wa damu.

— Wewe na Perez mlikuwa damu moja?

Kiarie alitafuta methali akakosa. Mzee akaangalia birika la Hashi kana kwamba ndilo lililouliza.

Kiarie ndiye aliyejaribu kuokoa hali, na Kiarie akiokoa hali ni afadhali izame.

— Mimi nimejua kilichotokea, akasema. Hii ni shida ya ploti. Angalia haya maghorofa. Milango ni ya rangi moja, mingine haina namba. Mama alikuwa anakuja kwa Sylvance. Lakini Jumatatu stima si zilipotea? Hizo ngazi ni giza hata mchana. Akahesabu vibaya. Badala ya kuingia ya nne, akaingia ya tano. Akapata kuna mtoto mchanga, akasema ni huyu.

— Na Jumanne? nikauliza.

— Ukishazoea njia mbaya, hiyo ndiyo njia. Mimi huwa napelekwa na mteja kwa bomba la jirani, mpaka nikishafungua ndiyo tunajua. Mwenye ploti anafaa kuweka namba kwa milango, si kwa ajili yetu tu. Asiye na mwana aeleke jiwe.

Ulikuwa upuzi wa hali ya juu. Lakini nilimwona Mzee Okumu ameusikiliza. Ameinua kichwa.

— Kwa hivyo alikuwa anakuja kwetu, akasema.

— Mzee, Dedan akasema, na alisema kwa upole kama mtu anayeng'oa msumari kwa tairi, mama aliishi hii ploti miaka sita. Alikuwa anapanda kwetu kila siku saa nne kunywa chai na Kate. Alijua ngazi zetu akiwa amefunga macho.

Mzee akaweka kikombe chini, kati ya viatu vyake.

— Miaka miwili, akasema. Miaka miwili nalala saa mbili jioni. Sylvance anafikiria ni uzee. Nalala mapema nimpe muda mrefu wa kuja. Hajakuja hata kunisalimia. Mimi nilikuwa kwa reli, sawa. Nilikuwa Malaba, nilikuwa Kisumu, nilikuwa naleta mshahara na kuondoka. Labda hajui usingizi wangu ukoje. Lakini sasa nikisema ndiyo, hilo jina likiandikwa huko juu, ashafika mahali anataka. Atakuja kwangu kufanya nini tena?

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kesi. Saa nzima tumebishana juu ya jina na mila ya nani, na mimi nilikuwa nimempa mzee neno refu la Kizungu la kufunika kitu kifupi sana. Nilitamani ardhi ya Tassia ipasuke, ingawa hapa ikipasuka ni maji taka tu yanayotoka.

Dedan aliangalia saa ya simu. Ilikuwa saa kumi na robo. Alianza kuinuka.

— Haidhuru, mzee. Tutamuita Wakiuru. Atazoea.

Hashi alikuwa akimimina kahawa ambayo hakuna mtu aliagiza. Ndipo Muoki, askari mpya wa geti, aliposogea na kikombe chake cha plastiki. Hiyo ilikuwa siku yake ya pili kazini, hajajua hata nani ni nani, na bado alikuwa akiamkia kila mtu.

— Shikamoo wazee. Kuna shida? Naona kama kuna msiba.

— Mke wa huyu bwana hapa ameota marehemu mke wa huyu mzee, Kiarie akamweleza, na mtoto wao akanyamaza kwa jina lake, na sasa hatujui kama jina ni la kupewa ama ni la kuibwa.

Muoki akafikiria. Akapuliza kahawa.

— Na huyo mama, kwa ndoto, alisema nini?

Tukamwangalia Dedan. Dedan akaangalia akala zake.

— Sikuuliza, akasema.

— Tangu Jumatatu? Nasambu akauliza.

— Madam, mtoto alilala. Mimi pia nikalala.

Tulikuwa tumefika India, tumefika Yerusalemu na Murang'a, tumepanda na kushuka ngazi za ploti nzima. Hakuna mmoja wetu, pamoja na mwenye digrii ya kuuliza watu mambo yao, aliyekuwa ameuliza hilo.

— Piga simu, Nasambu akasema. Weka loudspeaker.

Simu ikaita mara mbili. Kate akapokea akinong'ona.

— Nini? Amelala.

— Kate, ile ndoto. Mama alisema nini?

— Uko na nani?

— Niko hapa chini. Na mzee.

Mlango ukafungwa upande ule.

— Baba, shikamoo. Hakusema kitu. Aliingia tu bila kubisha, vile alikuwa anaingia. Akaketi kwa kitanda, upande wa miguu, akachukua nguo za mtoto akaanza kukunja. Mara ya pili pia ni hivyo. Nilimwambia, mama, wacha nitakunja. Hakujibu.

— Kwa hivyo hakusema anataka jina, Kiarie akanong'ona. Nasambu akamkanyaga mguu.

Mzee Okumu akanyoosha mkono akaichukua simu. Akaishika mbali na uso, kama kioo.

— Nyathina, mtoto wangu, akasema. Alikuwa amevaa nini?

— Ile dera ya kijani, baba. Na sweta yako ya reli juu yake.

— Sweta gani?

— Ile ya zamani, ya blue, ya vifungo vya chuma. Mikono ameikunja mara mbili.

— Hapana. Mama Sylvance hakuwahi kuvaa sweta yangu. Alisema inanuka dizeli.

— Alikuwa anavaa, Kate akasema. Ulikuwa huoni. Ulikuwa unaenda Malaba. Ukishatoka tu mlangoni anaiangua kwa msumari anavaa, anapika nayo, anatuogesha nayo. Sisi watoto ndiyo ilikuwa kalenda yetu. Tukiona ameivua ameianika nje ipigwe upepo, tunajua baba anafika kesho. Anairudisha kwa msumari vile ulivyoiacha. Alitukataza tusikwambie, ati utavimba kichwa.

Hashi alikuwa ameinua birika na hakumimina.

Mzee akageuza simu huku na huku.

— Hii spika inazimwa wapi?

Dedan akamfinyia. Okumu akaiweka sikioni, akainuka, akatembea hatua nane hivi mpaka getini, akasimama ametupa mgongo. Tukaona kichwa chake kikikubali kitu, kikikubali tena. Mkono wa pili ulikuwa umeshika mkono wa koti lake, ukiukunja na kuukunjua.

Halafu akageuka.

— Dedan. Karani wa kanisa anafunga saa ngapi?

— Saa kumi na moja, mzee.

— Sasa ni saa ngapi?

— Kumi na nusu karibu.

— Na umeketi?

Dedan akasimama kwa kasi mpaka ubao ukaruka upande wetu, nikamwagikiwa na kahawa na sikulalamika.

— Wakiuru nitamwambia nini?

— Mwambie avae nguo yake aje kanisani. Nitaketi naye mimi mwenyewe. Nitamweleza ni nani huyo amempita.

— Sawa, baba. Simu yangu...

— Nenda.

Dedan akaondoka mbio kuelekea stage, akala zikipiga lami. Muoki akamfungulia geti ambalo hata halikuwa limefungwa. Kiarie akafungua mdomo, Nasambu akainua kidole kimoja, naye Kiarie akaufunga tena.

Mzee alikuwa ametupa mgongo tena, lakini sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya injini haijui kunong'ona.

— Endelea, nyathina, alikuwa akisema. Na siku hizo nikiwa sipo, alikuwa anawapikia nini?